Kusafiri Melini Peke Yako: Panga Pesa Zako Ukiwa Bado Njoro

Hii hadithi huenda unaijua. Mwezi wa nane mnafungua grupu ya WhatsApp ya kwenda Pwani Disemba. Watu kumi na wawili wanaingia, na kila mmoja anaandika "niko ndani". Mwezi wa kumi wamebaki saba. Mwezi wa kumi na moja mmoja anasema karo imemshika, mwingine ana harusi ya dadake, na wiki ya mwisho umebaki wewe peke yako. Ruhusa ya likizo ushapewa, pesa umeweka, na roho bado inataka kuona bahari.

Si lazima ungoje mwaka mwingine. Unaweza kwenda peke yako, hata kama safari yenyewe ni ya meli au mashua. Lakini kuna kitu kimoja kinachobadilika. Mkiwa kumi, simu yako ikizima mwenzako atakulipia chakula, na mkipunjwa hasara mtagawana. Ukiwa peke yako, simu yako ndiyo pochi, ndiyo tiketi, ndiyo njia ya kuita msaada. Ikikwama, na wewe umekwama.

Kwa hivyo leo tunaeleza jinsi ya kupanga pesa za safari ya namna hii kabla hujapanda matatu ya Nakuru.

Kwanza, ni meli gani tunazungumzia?

Kuna meli kubwa za kitalii, zile ambazo ni kama hoteli inayoelea: unalala humo, unakula humo, na kila asubuhi unaamka bandari nyingine. Meli hizi huja Mombasa mara chache. Mwaka 2005 maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit nje ya pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, na kwa miaka mingi baadaye kampuni za meli ziliiogopa njia hiyo. Siku hizi zinazotia nanga Mombasa nyingi huwa katikati ya safari ndefu, na abiria wake walipandia kwingine. Mkenya anayetaka safari ya namna hiyo mara nyingi hulazimika kusafiri kwanza hadi bandari ya nje kama Durban, Afrika Kusini. Tangu Januari 2023 Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, ila unahitaji pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Halafu kuna safari za boti za hapa hapa nyumbani: mashua ya kwenda kisiwa cha Wasini kutoka Shimoni, jahazi la Lamu, au boti ya saa moja ziwani Naivasha. Kwa wengi wetu huku ndiko kwa kuanzia. Mafunzo ya pesa karibu ni yale yale, tofauti ni ukubwa wa hasara ukikosea.

Mbona mtu mmoja analipishwa kama wawili?

Hapa ndipo wengi hushtuka. Unaona tangazo: safari ya siku nne, dola 400. Unapiga hesabu, unaona unaweza. Ukifika kwenye malipo unaambiwa dola 800. Hujaibiwa. Bei ya tangazo huwa ni ya kila mtu mkiwa wawili chumbani. Meli ina idadi fulani ya vyumba, na ukilala peke yako kampuni inaona kitanda cha pili kimekosa mteja. Kwa hivyo inakuongezea ada ya kulala peke yako, ambayo wakati mwingine hufika sawa na bei nzima ya mtu wa pili. Hoteli nyingi za Pwani pia hutangaza bei kwa mtindo huo.

Boti nazo zina mtego wake. Mwenye boti anaweza kukutajia bei ya boti nzima ama bei ya kiti kimoja. Tuseme boti nzima ni Sh12,000. Mkiwa sita, kila mtu analipa Sh2,000. Ukiwa peke yako na hukuuliza, hiyo Sh12,000 yote ni yako. (Bei hizi na ile ya meli ni za mfano tu.)

Kwa hivyo kabla ya kutuma hata shilingi moja, uliza maswali haya manne, na uyaulize kwa ujumbe wa maandishi ili jibu libaki kwenye simu yako:

1. Hii bei ni ya mtu mmoja akiwa peke yake, au ni ya wawili?
2. Kuna kikundi ninachoweza kuunganishwa nacho ili tugawane boti?
3. Ni nini hakimo ndani ya bei: chakula, ada ya hifadhi, usafiri wa kunichukua, bakshishi?
4. Nikikosa kuja, au bahari ikichafuka, pesa zangu zinarudi? Zote ama nusu?

Hilo la nne usiliruke. Msimu wa kusi, hasa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, bahari ya Pwani huwa na mawimbi, na nahodha mwenye akili anaweza kukataa kutoka. Kaskazi, kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi, maji huwa matulivu zaidi.

Anza na boti ya Naivasha

Kama hujawahi kusafiri peke yako, usianze na safari ya wiki nzima. Chagua Jumamosi moja, toka Njoro asubuhi, pitia Nakuru hadi Naivasha, panda boti uone viboko, urudi jioni. Safari hii ndogo itakufunza mambo ambayo ukiyasoma tu hayakuingii. Utajua simu yako inakaa na chaji saa ngapi ukipiga picha siku nzima. Utajua kama unaweza kusema "hapana, bei hiyo ni kubwa" bila rafiki wa kukusaidia kubishana. Utajua pesa ngapi hupotea kwa vitu vidogo vidogo: maji, choo, boda, mahindi ya kuchoma.

Jioni ukifika nyumbani, fungua taarifa ya malipo kwenye simu uhesabu. Ukipata ulitumia mara moja na nusu ya ulichopanga, basi hiyo ndiyo tabia yako, na bajeti ya Pwani uiandike ukijua hivyo.

Na boti iwe ya Naivasha ama ya Wasini, kama hakuna jaketi la kuokolea la kukutosha, usipande hata kama umeshalipa. Pesa zitatafutwa tena.

Weka pole pole, halafu funga

Tuchukue mfano. Wewe huuza maziwa na viazi hapa Njoro, au umeajiriwa pale Egerton, na umepanga safari ya Sh30,000 baada ya miezi sita. Hiyo ni wiki 26, yaani kama Sh1,155 kwa wiki. Mkulima asijilazimishe kuweka sawa kila wiki. Weka kubwa wiki ya mavuno, weka ndogo wiki ya mbegu na mbolea, bora mwisho wa mwezi hesabu iwe imefika.

Pesa za safari zisikae kwenye salio la kawaida. Zikikaa hapo zitalipa tokeni za stima, zitachangia matanga, zitanunua gesi, na hutajua zilikwenda wapi. Ziweke kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa hadi tarehe unayotaka. Tarehe hiyo iwe wiki moja kabla ya siku ya kulipa salio la safari, sio siku yenyewe.

Usisafiri kwa mkopo wa simu. Tunasema hivi hata kama mikopo ni sehemu ya biashara yetu. Mkopo wa kumaliza nauli ya dharura ni jambo moja. Mkopo wa likizo utakungoja mlangoni ukirudi, na utarudi mfuko ukiwa mtupu.

Na kama bei iko kwa dola, acha nafasi. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi kama Sh130. Salio la dola 400 lilikuwa Sh64,000 wakati mmoja na Sh52,000 wakati mwingine. Mwaka huo shilingi ilipata nguvu, lakini inaweza pia kwenda upande ule mwingine. Ongeza angalau sehemu moja ya kumi juu ya hesabu yako.

Kabla ya kutuma arbuni

Arbuni ni ile pesa ya kwanza ya kushikilia nafasi, na hapa ndipo matapeli hukaa. Wanajua msafiri wa peke yake hana mtu wa kumuuliza "una uhakika?" Ukurasa wao una picha nzuri za bahari, bei iko chini kuliko ya wengine wote, na wanakwambia zimebaki nafasi mbili, tuma sasa hivi.

Fanya hivi:

Angalia unalipa nani. Kampuni ya utalii Kenya inafaa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA. Omba nakala ya leseni, kisha linganisha jina lililo pale na jina la Paybill au Till. Yakitofautiana, uliza sababu. Ukiambiwa "tuma tu kwa hii namba ya meneja", simama hapo hapo.

Soma jina kabla ya PIN. Jina la mpokeaji likitokea kwenye skrini, usilipite mbio. Kama huna hakika, tuma Sh50 kwanza usome jina kwenye ujumbe wa uthibitisho. Hiyo Sh50 ni bima ya bei rahisi sana.

Usilipe yote kwa pamoja. Lipa arbuni, pata risiti yenye tarehe za safari na masharti ya kurudishiwa pesa, halafu umalizie baadaye. Kwa boti za siku moja, jaribu kuomba ulipe sehemu kubwa ukiwa pale ufukweni, boti unaiona.

Ukituma kimakosa, usimpigie uliyemtumia kwanza. Omba pesa zirudishwe kupitia menyu ama huduma kwa wateja mara moja. Pesa zikiwa bado ziko upande wa pili, kuna nafasi ya kuzizuia. Zikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu sana. Dakika kumi za kwanza ni za maana kuliko siku kumi za kulalamika.

Na kwa mara nyingine: hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN. Anayeiuliza si sisi, hata kama anajua jina lako lote.

Kutoka Njoro hadi baharini

Njoro hadi Nakuru ni kama kilomita 20, na Nakuru hadi Nairobi ni kama 160. Treni ya Madaraka Express kwenda Mombasa inaondoka stesheni kuu ya SGR iliyo Syokimau, si katikati ya Nairobi, kwa hivyo usihesabu muda kana kwamba umefika ukishuka mjini. Tiketi unakata kwa simu kupitia *639# au mtandaoni. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni Sh1,500, na daraja la kwanza Sh4,500. Kabla ya kukata, tazama tena kama bei imebadilika. Kata mapema, maana Disemba na wakati wa likizo za shule tiketi huisha haraka. Jina na namba ya kitambulisho viwe sawasawa, maana mlangoni watakagua.

Ukiwa peke yako, tunashauri treni ya asubuhi. Inakufikisha Miritini mchana, jua likiwa bado liko, na unapata nafasi ya kuulizia gari bila haraka. Usiku wa kabla yake lala Nairobi kwa jamaa au mahali ulipolipia mapema.

Kama unaenda Wasini, utavuka Likoni kwa feri, ambayo kwa anayetembea kwa miguu ni bure, kisha ufuate barabara ya Diani na Lunga Lunga hadi njia panda ya Shimoni. Ada ya kuingia hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti hulipwa kwa KWS kupitia eCitizen. Kama wakala wako hajaijumlisha, ilipe ukiwa mahali penye mtandao mzuri, asubuhi kabla ya kuondoka, na upige picha ya risiti. Gatini si mahali pa kugundua umesahau nywila ya eCitizen huku boti inakungoja.

Ndani ya meli kubwa, pesa za simu hazifanyi kazi

Hili lataka kurudiwa kwa wateja wetu, kwa sababu tumezoea kulipia kila kitu kwa simu, hadi sukuma wiki. Meli ikishaingia baharini, mnara wa simu umebaki nchi kavu. Menyu ya pesa haifunguki. Ujumbe wa namba ya uthibitisho ambao benki inakutumia unapolipa kwa kadi unaweza usifike. Na simu yako inaweza kushika mtandao wa meli unaopitia setilaiti, ambao gharama yake iko juu kuliko ile ya kutumia laini yako ukiwa nchi ya kigeni. Weka simu kwenye hali ya ndege mara meli inapoondoka.

Ndani ya meli hakuna kulipa noti kila mara. Unafunguliwa akaunti, na kila soda, kila ziara ya bandarini na bakshishi ya kila siku inaandikwa humo, halafu unalipa mwisho. Ukijiandikisha utaombwa kadi ama pesa taslimu za kuweka mapema. Kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu ni nzuri kwa kulipia tiketi ukiwa nyumbani, lakini melini wanaweza kutaka kadi ya kushika mkononi. Waulize kabla ya kusafiri. Pia jua kwamba wanaweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi hadi safari iishe, na kiasi hicho hutaweza kukitumia bandarini.

Kwa hivyo beba njia mbili za kulipa zisizotegemea mtandao wa simu: kadi ya benki, na dola chache taslimu. Usiziweke mfuko mmoja.

Simu ikipotea na uko peke yako

Haya yafanye ukiwa bado Njoro:

- Kitambulisho kisikae kwenye kava ya simu. Ukipoteza simu utakihitaji kupata laini mpya. Vikipotea pamoja, umefungiwa nje ya pesa zako mwenyewe.
- Andika kwenye karatasi namba ya huduma kwa wateja na namba mbili za watu wa nyumbani. Wengi wetu hatujui namba ya mtu yeyote kichwani.
- Chagua mtu mmoja nyumbani, mama, kaka ama jirani mnayeaminiana. Mpe ratiba yako, jina la boti na namba ya wakala. PIN usimpe. Mkubaliane saa ya kupiga simu kila jioni, na atakachofanya usipopiga.
- Mwachie pesa kidogo za kukutumia ukikwama. Hizo ni zako, ziko mahali pengine tu.
- Weka Sh2,000 au Sh3,000 taslimu sehemu ambayo huifungui kila mara. Hiyo ni nauli ya kukuondoa mahali, si ya kununua leso.
- Beba chaji ya mkononi. Simu iliyozima haina tofauti na iliyoibiwa.

Simu ikipotea kweli, omba simu ya mtu wa karibu, piga huduma kwa wateja laini ifungwe, ndipo uanze kuitafuta. Wengi hufanya kinyume. Wanatafuta saa mbili, na katika hizo saa mbili mwizi anajaribu mwaka wako wa kuzaliwa kama PIN. Kama PIN yako ni mwaka wako wa kuzaliwa, ibadilishe leo kabla hujamaliza kusoma.

Ukirudi

Utashuka Njoro na baridi yake, ngozi imeiva na jua, na wale wa grupu watataka kuona picha. Watakuuliza ulikuwa na nani. Waambie ulikuwa peke yako, ukala samaki Wasini, ukarudi na salio. Kisha waonyeshe ile taarifa ya malipo, mstari kwa mstari. Mwaka ujao watakaotaka kweli kwenda wataanza kuweka mwezi wa sita, na wasiotaka hawatakuchelewesha tena.